Ongea na wakala wa bima kabla ya kuhamia ndege kubwa zaidi

Kwa rubani wa Tabora aliyezoea Cessna 172 na sasa anataka kuhamia Cessna 210, ambayo magurudumu yake hukunjwa angani, ninasisitiza: zungumza na wakala wa bima kabla hujalipa hata arubuni. Leseni hukuruhusu kisheria kuirusha ndege, lakini mkataba wa bima huwa na sharti lake kuhusu rubani, linaloweza kutaja jumla ya saa za kuruka, saa ulizoruka kwa aina hiyo ya ndege, na saa za kuruka na mwalimu anayekubaliwa na kampuni. Usipolitimiza, fidia inaweza kukataliwa. Majibu yote yaombe kwa maandishi.

Sehemu ya mafunzo ifanyike hapa hapa, tena mchana wa jua kali, kwa sababu uwanja wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa nyepesi hurefusha mbio za kupaa. Kila unapokaribia kutua, taja kwa sauti kwamba umeiona taa ya kijani inayoonyesha magurudumu yameshuka na kujifunga, kwani kutua yakiwa yamekunjwa huharibu pangaboi na kulazimu injini ifunguliwe kukaguliwa.