Namna ya kukusanya historia na masimulizi ya parokia kongwe

Anzia ofisi ya parokia kabla ya kwenda kwa wazee. Mwandikie paroko barua ya kuomba kusoma rejista za ubatizo, ndoa na vifo. Ukishaijua miaka, utajua mzee gani aulizwe nini.

Nawa mikono, ikauke kabisa, na uandike kwa penseli tu. Ukurasa uliochanika usiubandike selotepu: kwa joto na unyevu wa pwani yetu, gundi hugeuka njano na kuiharibu karatasi. Piga picha karibu na dirisha, bila flashi, namba ya ukurasa ionekane.

Rejista za mwanzo aghalabu ni za Kilatini: natus ni amezaliwa, baptizatus amebatizwa, patrinus ni msimamizi wa kiume. Umri wa waliobatizwa ukubwani mara nyingi ulikisiwa. Uliza pia jina la nyumbani na la ukoo, la sivyo mtu mmoja utamhesabu wawili.

Mwaka uliochongwa kwenye kengele ni wa kengele, si wa kanisa. Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya misheni na jengo. Chukua Pugu, karibu na Dar es Salaam: watawa Wabenediktini walifika 1888, na tarehe 13 Januari 1889, katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ikavamiwa. Ukiambiwa kanisa fulani la huko ni la 1888, uliza: misheni ilipoanza, au kuta hizi zilipojengwa?

Kwa wazee nenda na katekista. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, kisha omba ruhusa ya kurekodi. Swali la "mwaka gani?" huzaa majibu ya kubahatisha. Uliza kama ilikuwa kabla ya Uhuru, au wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa.

Masimulizi ya mbuyu wenye mizimu au kengele iliyokataa kuhamishwa yanastahili uangalifu uleule wa rejista. Yaandike kama yalivyosemwa. Yakisemwa kwa Kizaramo, weka Kizaramo chenyewe, tafsiri ifuate chini. Msikilize kila mzee peke yake, maana wakikaa pamoja mdogo humfuata mkubwa. Kila mara uliza, "Hili ulilisikia kwa nani?" Wakipishana, andika yote mawili, kila moja na msimulizi wake na tarehe. Usiinyooshe hadithi ili ilingane na rejista. Ukifanya hivyo umezipoteza zote mbili.

Kabla ya kuchapa, rudi ukamsomee mzee maneno yake. Mara nyingi ndipo analikumbuka jina lililokuwa limempotea.