Kabla hujakompaili kerneli, hakikisha kibodi ya USB itaamka

Unapojikompailia kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, wewe ndiye unayechagua draiva, zile programu za kuendesha vifaa. Ukikosea draiva ya sauti, kompyuta itanyamaza na wewe utaendelea na kazi. Ukikosea ya kibodi, umejifungia nje, na amri ya kurekebisha huna pa kuiandikia. Kwa hiyo usiguse `make`, amri ya kukompaili, kabla hujayapitia haya.

Jua kwanza mashine yako ina nini. `lspci -k` itakuonyesha vidhibiti vya USB, na `lsusb -t` itakuonyesha kila kifaa kimeshikwa na draiva gani. Yaandike kwenye karatasi, usiyaweke kwenye faili ndani ya mashine hiyohiyo.

Mashine za miaka ya karibuni zinahitaji draiva ya kidhibiti cha USB aina ya xHCI, ambayo kwenye mipangilio ya kerneli inaitwa `CONFIG_USB_XHCI_HCD`. Za zamani zina EHCI kwa ajili ya USB 2.0, na pembeni yake OHCI au UHCI. Hizo mbili za mwisho watu huziacha wakidhani zimepitwa na wakati. Usiziache: kibodi na kipanya vingi ni vifaa vya mwendo wa chini, na kwenye mashine hizo mara nyingi EHCI peke yake haiwezi kuvihudumia.

Kisha weka Y (ijengwe ndani ya kerneli; M ni moduli, faili la pembeni linalopakiwa baadaye) kwenye `CONFIG_USB_HID`, `CONFIG_HID_GENERIC` na `CONFIG_INPUT_EVDEV`. Zote tatu. HID ni kundi la vifaa vya kuingizia, kama kibodi na kipanya. Ya pili ndiyo inayoishika kibodi ya kawaida, na ya tatu ndiyo inayotengeneza `/dev/input/event` ambazo mazingira ya picha huzisoma. Ukikutana na `USB_KBD` na `USB_MOUSE`, zipite. Majina yanavutia, lakini ni draiva finyu za vifaa vidogo maalumu, na HID kamili inazifanya zisihitajike. Kama una kipokezi cha Unifying cha Logitech, kile cha kibodi na kipanya visivyo na waya, ongeza `HID_LOGITECH_DJ`. Kibodi ya Apple, `HID_APPLE`.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu `make localmodconfig`. Amri hii inaangalia moduli zilizopakiwa wakati huo na kuzizima nyingine zote, ili kukompaili kusichukue siku nzima. Niliitumia kwenye seva ya ofisi moja ya uhasibu, nikiwa mezani kwangu, nimeingia kwa SSH, yaani kupitia mtandao. Seva ilikuwa kabatini bila kibodi wala kipanya. Kwa kuwa hakuna kilichochomekwa, `usbhid`, moduli ya kibodi na kipanya vya USB, haikuwa imepakiwa, na kwa hiyo ikaondolewa kimyakimya. `/boot`, sehemu ya diski inayotunza kerneli, ilikuwa imejaa, nikafuta kerneli ya zamani ili mpya ipate nafasi.

Diski ile ilikuwa imefungwa kwa LUKS, usimbaji unaodai nenosiri mashine inapowaka, maana ilibeba hesabu za wateja. Nikaenda na kibodi, nikachomeka, nikawasha. Kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua kerneli ya kuwashia, mishale ilifanya kazi vizuri kabisa, nikatulia. Pale ni programu ya ubao mama inayoiendesha kibodi; kerneli ikishapokea kidhibiti, ile inaachia. Taa ya Num Lock ikazimika. Kioo kikaniomba nenosiri, nikabonyeza, hakuna herufi iliyopokelewa. Nilibadilisha tundu, nikabadilisha kibodi, bila mafanikio. Kama ningeiacha kerneli ya zamani, ningeichagua kwenye GRUB na kumaliza shida kwa dakika mbili. Watu wanne walikaa asubuhi nzima wakinisubiri, na sikuwa na la kuwaambia.

Kilichoniokoa ni tundu la duara la PS/2 nyuma ya mashine. Draiva yake ilikuwa imejengwa ndani ya kerneli. Nilimfuata fundi wa kompyuta mtaa wa pili, akanitolea kibodi ya zamani yenye funguo zilizofutika herufi. Nikazima mashine kwanza, maana PS/2 haichomekwi ikiwa imewaka, nikachomeka, na nenosiri likapita.

Kwa hiyo, chomeka kila kifaa utakachotumia kabla ya kuendesha amri hiyo, hata kile unachokitumia mara moja kwa mwaka. Au iambie isiguse sehemu hizo: `make LMC_KEEP="drivers/usb:drivers/hid" localmodconfig`. Na kama umeweka M badala ya Y, hakikisha moduli zimo ndani ya initramfs, ule mfumo mdogo unaopakiwa kwanza kabla diski haijafunguliwa. Kwenye Debian, `lsinitramfs` ikifuatwa na `grep hid` itakuambia. Kwenye Arch, weka `keyboard` kabla ya `autodetect` katika `mkinitcpio.conf`.

Acha kerneli ya zamani mpaka mpya iwe imewaka mara kadhaa, tena kwa kuzima kabisa na kuwasha. Kuwa na flashi yenye Linux inayowaka, iliyokwisha kujaribiwa kwenye mashine hiyo. SSH iwe wazi kabla hujazima, ingawa mbele ya LUKS haitakusaidia. Usifanye kazi hii siku ya kuamkia mishahara, wala kwa mashine iliyo mkoa mwingine usipokuwa na mtu wa kuisimamia. Na umeme ukiwa unakatikakatika, subiri: initramfs iliyoandikwa nusu nayo itakuacha mbele ya kioo cheusi.