Kwenda Matema na Mtoto kwa Miguu: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela, ni mahali pazuri pa kumwanzishia mtoto safari ya kubeba begi na kulala kwenye hema. Njia ya kwenda Lyulilo hadi Ikombe, kwa Wakisi wafinyanzi, inaambaa na ziwa chini ya Milima ya Livingstone, na mtu mzima huimaliza asubuhi moja. Ukiwa na mtoto wa miaka saba au minane, itengee siku nzima. Atasimama kwenye kila mtumbwi na kila jiwe la kurusha majini, na hakuna haja ya kumharakisha.

Anza na majira. Kyela ina mvua nyingi sana, na kuanzia Machi hadi Mei vijito vinavyoshuka milimani hujaa na njia ikawa utelezi mtupu. Panga kati ya Juni na Oktoba. Ila kiangazi nacho kina lake: mwera, upepo wa kusini, husukuma mawimbi mpaka huku mwisho wa ziwa. Kwa hiyo usijiambie kwamba mtoto akichoka mtarudi kwa mtumbwi. Ikibidi kupanda, pandeni alfajiri ziwa likiwa limetulia, naye awe amevaa jaketi la kuokolea linalomkaa sawasawa. La mtu mzima halifai, litamchomoka akitumbukia. La saizi yake litafute kabla hujatoka Mbeya.

Maji ndiyo yanayotaka akili kuliko mwendo wenyewe. Kuzama kwanza: mtoto akiwa ndani ya maji, mtu mzima mmoja awe karibu kiasi cha kumshika mkono, simu ikiwa mfukoni. Mamba hupenda midomo ya mito, basi ulizeni wenyeji wanaoga wapi, mwoge hapo hapo. Halafu kuna kichocho. Utaambiwa ufukwe huu hauna, na pengine sehemu yenye mawimbi na mchanga mtupu ina nafuu, lakini mimi singemruhusu mtoto acheze kwenye maji yaliyotuama penye majani na konokono, hasa jua la mchana, wakati vimelea hutoka kwa wingi. Hawasubiri maji yanywewe; wanapenya kwenye ngozi. Mkirudi, mpeleke akapimwe baada ya wiki sita hadi nane, hata kama haumwi. Ya kunywa chemsha yote. Ziwa hili lina maji maangavu ya kumdanganya mtu kwamba ni salama.

Malaria ndiyo wazazi wa mjini wanaichukulia kirahisi. Mtoto aliyekulia Njombe au Nairobi hana kinga aliyonayo mwenzake wa Kyela, kwa hiyo muulize daktari mapema kuhusu dawa za kukinga. Hema liwe na wavu usiotoboka, na jua likizama avae mikono mirefu. Homa ikitokea wiki moja au zaidi tangu mlipofika ziwani, hata mkiwa mmesharudi, mwambie mhudumu wa afya kwamba mlilala kando ya ziwa, apimwe siku hiyohiyo.

Mzigo wa mtoto usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mwenye kilo 22 abebe kilo mbili hivi, maji yakiwemo: chupa yake, koti la mvua, khanga, kitu cha kutafuna na filimbi ya kupuliza akipotea. Mvalishe begi hilo nyumbani, mwende nalo dukani na kurudi. Kamba inayomkata begani utaiona hapo. Mchanga ukichanganyika na soksi mbichi hutoa malengelenge ndani ya saa moja, kwa hiyo awe na ndala za ufukweni, raba za njiani na soksi kavu za kubadilisha. Malengelenge yakishatoka, wa kumbeba ni wewe.

Chakula kisikusumbue. Mchele, ndizi na samaki vipo. Beba tu kile anachokula hata akiwa amenuna, pamoja na pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini (ORS) akiharisha, plasta, tochi na jiko dogo.

Mkifika, ripoti kwa mwenyekiti wa kijiji na uombe ruhusa ya kupiga hema. Ni adabu, na kukitokea la kutokea kuna mtu anayejua mko wapi.

Soko la vyungu Lyulilo ni Jumamosi. Mkilala Ikombe Ijumaa, mtalikuta wakati wa kurudi, na mtoto atataka chungu. Kiwe kidogo, kijazwe soksi ndani, kifungwe kwa nguo chafu na kukaa katikati ya begi lako, si lake.