Kumsindikiza mgonjwa wa homa ya ini B huko England: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa wanaojitolea kuwasindikiza wenzetu, Watanzania, Wakongomani, Warundi, Wabarawa, kwenye kliniki za ini. Tangu Aprili 2022 hospitali za London, Brighton, Manchester na Blackpool zimekuwa zikiwapima virusi vya homa ya ini watu wazima wanaotolewa damu idara ya dharura, wasipokataa. Mtu kaenda na maumivu ya tumbo, siku chache baadaye anapigiwa simu: una homa ya ini B. Huyo ndiye atakayekutafuta, tena usiku, na ataanza kwa kusema anamuulizia rafiki yake. Mwache amuulizie rafiki.

Hatua ya 1: Tuliza nyumba kwanza

Swali la kwanza huwa si ini, ni ndoa. Nani kamletea nani? Mweleze kwamba mtoto mchanga akiambukizwa, tisa kati ya kumi hubaki na virusi maisha yote. Mtu mzima akiambukizwa, chini ya watano kati ya mia ndio hubaki navyo. Kwa hiyo wengi wetu tulivipata kwa mama au utotoni, na majibu hayo si ushahidi wa zinaa. Kula sinia moja hakuambukizi, kukumbatiana hakuambukizi. Wembe na mswaki, kila mtu na wake. Mwenzi na watoto wapimwe, na wasio na kinga wachanjwe.

Hatua ya 2: Karatasi na pesa

Kujiandikisha kwa GP, daktari wa kawaida wa mtaani, hakuhitaji pasipoti, viza wala uthibitisho wa anwani. Mtu wa mapokezi akishikilia, omba kwa upole kuzungumza na meneja. Hospitalini, uchunguzi na matibabu ya homa ya ini ya virusi hayatozwi mgeni yeyote, hata asiye na kibali. Maradhi mengine yanaweza kutozwa, kwa hiyo ankara ikija isomeni mstari kwa mstari. Ikichanganya mambo, nendeni PALS, ofisi ya hospitali inayoshughulikia shida za wagonjwa. Ankara isiwekwe kabatini.

Hatua ya 3: Mkalimani

Aombwe siku ile ile miadi inapopangwa. Ni bure. Taja Kiswahili cha wapi, maana mama wa Bukavu na mkalimani wa Unguja wanaweza kupishana palepale penye uzito. Mgonjwa akiogopa umbea wa jumuiya, ombeni mkalimani wa simu na jina lisitajwe. Mtoto wake asitumiwe kamwe. Wewe nawe usitafsiri: ukishakuwa mdomo wa daktari, mgonjwa amebaki peke yake.

Hatua ya 4: Ndani ya chumba

Maswali yaandikwe nyumbani, ayasome mwenyewe. Wingi wa virusi ukoje? Ini lina kovu? Nahitaji dawa? Nahitaji ultrasaundi kila miezi sita kuangalia saratani? Nirudi lini? Kama anakunywa mitishamba, aitaje bila kuona haya, kwani mingine huumiza ini. Daktari akikutazama wewe badala yake, inamisha kichwa kwenye daftari. Atageuka.

Hatua ya 5: "Huhitaji dawa kwa sasa"

Hapa ndipo tunapowapoteza watu. Daktari anasema dawa haihitajiki kwa sasa, mgonjwa anasikia amepona. Anashukuru, anaenda zake, harudi. Kumbe virusi vinaweza kutulia miaka kisha vikaamka, na ini likaharibika bila maumivu yoyote. Kabla hamjatoka hospitali, mwombe akueleze kwa maneno yake alichoambiwa. Kama hataji tarehe ya kurudi, rudini mapokezi.

Kwa maoni yangu, kazi ya msindikizaji ipimwe kwa miadi ya pili na ya tatu. Ya kwanza kila mtu huenda, kwa woga. Waomba hifadhi huhamishwa hoteli hadi hoteli, barua ya kliniki inafika kwa mtu mwingine, na kliniki ikiona hakufika inaweza kumwondoa kwenye orodha. Kila akihama, siku hiyo hiyo apige simu mbili: kwa GP na kwa kliniki ya ini. Tarehe ya miadi iwekwe kwenye simu yake na yako.

Hatua ya 6: Akianzishiwa dawa

Ni kidonge cha kila siku, mara nyingi tenofovir au entecavir, na kuacha ghafla kunaweza kuamsha ugonjwa kwa kishindo. Anayekwenda likizo nyumbani aombe dawa za kutosha mapema. Ramadhani inawezekana, lakini saa zipangwe na mfamasia kabla ya mwezi kuandama: entecavir kwa baadhi ya wagonjwa inataka tumbo tupu, saa mbili baada ya kula na saa mbili kabla ya kula tena, hivyo haikai vizuri na futari wala daku. Usiku katikati ndipo inapopata nafasi.