Somo: Kupima nguvu ya transmita ya AM (redio ambayo sauti hubadilisha ukubwa wa wimbi)

Swali la "mita inaonyesha wati 25, mbona redio imeandikwa 100?" limejibiwa hapa mara nyingi mno, kwa hiyo kuanzia leo atakayeliuliza nitamwelekeza kwenye somo hili.

Kwanza, chomoa antena na uunganishe mzigo bandia wa omu 50, yaani kikinza kinachopokea nguvu badala ya antena.

Pili, unganisha osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi la volti kwenye kioo, kwenye mzigo huo.

Tatu, rusha bila kusema neno, soma volti kutoka kilele cha juu hadi cha chini, zizidishe kwa zenyewe, kisha gawanya kwa 400. Volti 100 hutoa wati 25, nayo ndiyo nguvu ya wimbi chukuzi, yaani wimbi tupu lisilobeba sauti.

Nne, sema kwenye maikrofoni ukitazama kioo cha osiloskopu, si sindano ya mita. Wimbi likivimba hadi volti 200, nguvu ya kilele ni wati 100, kwa kuwa volti zikiwa maradufu nguvu huwa mara nne. Mita inayofuata wastani wa volti haitikisiki, kwani, kwa wastani, sauti hulikuza wimbi na kulipunguza kwa kiasi kilekile. Anayeongeza nguvu hadi sindano ifike 100 anaitaka redio ifikishe vilele vya wati 400, na ataiunguza. Tazama pia mabonde: yakifika sifuri na kubaki bapa, umezidisha, na sauti yako inawamwagikia majirani wa masafa. Tahadhari nyingine ni probu (waya wa kupimia wa osiloskopu), ambayo volti inazostahimili hushuka sana kadiri masafa yanavyopanda, hata kama imeandikwa 600.

Swali: Basi niiweke wati ngapi?
Jibu: Hatua ya nne. Isome.

Swali: Balbu ya nyumbani haitoshi kuwa mzigo?
Jibu: Haitoshi. Ukinzani wake hubadilika inapopata moto, hivyo kugawanya kwa 400 hakuna maana.

Swali: Mwalimu, osiloskopu yangu ni ya megahezi 20. Je, naweza kuiamini kwenye masafa hayo hayo?
Jibu: Umeuliza vyema, ndugu. Kwenye kikomo chake huonyesha takribani asilimia 70 ya volti, maana yake nusu ya nguvu. Kwenye megahezi 3 au 4 usiwe na wasiwasi.

Swali: Marekani wanawaruhusu wanaredio wa ridhaa wati 1500 za kilele. Wimbi chukuzi liwe ngapi hapo?
Jibu: 375, iwapo modulesheni (kiasi ambacho sauti hubadilisha ukubwa wa wimbi) haipiti asilimia 100. Lakini sauti za watu wengi hazilingani juu na chini. Vilele vya juu vikifika asilimia 125, nguvu ni zaidi ya mara tano, na 375 hiyo inakaribia 1900. Mwenye sauti hiyo ashuke chini ya 300.

Swali: Nina ampmita (kipima mkondo) ya zamani inayofanya kazi kwa joto la mkondo. Itanifaa?
Jibu: Itakufaa sana. Piga mluzi wa sauti moja kwenye maikrofoni: modulesheni ikifika asilimia 100, mkondo unapanda kwa takribani asilimia 22, kwa sababu nguvu ya wastani imekuwa mara moja na nusu. Kwa maneno ya kawaida hautapanda hivyo, kwa hiyo usiitumie kupimia vilele vya mazungumzo.