Namna ya kukamata hoja potofu kwenye mabishano ya kila siku

Kukariri majina ya makosa ya kimantiki hakusaidii sana. Mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, Aristotle, aliorodhesha aina 13, orodha za siku hizi zinapita mia, na mwenye kuzikariri mara nyingi huishia kumbandika jina kila anayempinga. Jifunze kwanza hoja inavyoundwa, ndipo utaona imekatikia wapi.

Tufanyie kazi mfano huu. Kikundi cha vikoba kinatunza fedha kwenye sanduku la kufuli tatu. Mwanachama mpya ameandika kwenye grupu la WhatsApp: "Ndugu zangu, fedha zinazobaki baada ya kukopeshana tuzipeleke benki, maana sasa ni nyingi mno kulala nyumbani kwa mtu." Dakika tano baadaye grupu limewaka moto.

Hatua ya 1: Liandike dai kwa sentensi moja

"Fedha zisizokopeshwa zihamie benki kwa sababu ni nyingi mno kukaa nyumbani." Basi. Hajasema mtunza sanduku haaminiki, wala hajasema sanduku litupwe. Iweke sentensi hiyo mahali unapoiona, kwa kuwa baada ya meseji kumi watu watakuwa wanabishania kitu kingine na hakuna atakayetangaza kwamba mada imebadilika.

Hatua ya 2: Tenga sababu na kelele

Tafuta maneno kama "kwa sababu", "maana", "kwa hiyo", "ndiyo maana". Pasipo sababu hakuna hoja ya kupima. "We mjuaji sana" ni utovu wa adabu tu. Lakini "umejiunga mwezi uliopita, kwa hiyo pendekezo lako halifai" ni hoja potofu kamili, maana ugeni wa mtu umefanywa sababu ya kukataa wazo lake. Wengi huchanganya hivi viwili na kuita kila tusi kosa la kimantiki.

Ikigundulika kwamba mtoa wazo ni wakala wa benki hiyo hiyo, hiyo ni sababu nzuri ya kukagua maneno yake mara mbili. Bado haitoshi kuthibitisha kwamba amekosea.

Hatua ya 3: Fichua kiungo ambacho hakikusemwa

Hapa ndipo penye kazi. Kati ya sababu na dai huwa kuna jambo ambalo msemaji amelichukulia kuwa kweli bila kulitamka. Jiulize: ni nini lazima kiwe kweli ili sababu hii inifikishe kwenye dai hili? Kiandike, kisha uone kama ungekikubali kikisimama peke yake.

"Kwa hiyo unataka kusema Mama Neema ni mwizi?" Kiungo: anayetaka benki anamtuhumu mtunza sanduku. Rudi kwenye sentensi ya hatua ya 1, hutaliona hilo. Mtu amelishwa maneno. Kati ya makosa yote, hili ndilo linalovunja vikundi, kwa sababu Mama Neema naye yumo kwenye grupu, na sasa amekasirishwa na tuhuma ambayo hakuna aliyeitoa.

"Ama tubaki na sanduku, ama tuvunje kikundi." Kiungo: hakuna njia ya tatu. Itafute. Sanduku linaweza kuwekewa kikomo, ziada ikaenda benki. Kikundi kinaweza kufungua akaunti ya simu, au kukopesha zaidi ili salio lipungue. Njia moja tu inatosha kuiangusha hoja hiyo.

"Tukifungua akaunti watataka katiba, kisha usajili, kisha kodi, mwisho serikali ichukue hela zetu." Usiikatae yote kwa pamoja, maana minyororo mingine ni ya kweli. Pima pete moja moja. Benki kudai katiba na usajili wa kikundi ni jambo la kawaida. Kutoka hapo hadi hela kuchukuliwa hakuna sababu iliyotolewa, kwa hiyo itaje pete hiyo na uache nyingine.

"Hata wewe ulichelewesha marejesho." Haigusi suala la benki. Ipite.

Hatua ya 4: Palipo na "tangu" au "wengi", fanya hesabu

"Tangu tuanze na sanduku haijapotea hata shilingi, kwa hiyo ni salama." Sanduku lililokuwa na shilingi 200,000 na lenye 6,000,000 hayamvutii mwizi sawasawa. Tena vikundi vilivyoibiwa sanduku huenda vimeshasambaratika, havipo kutoa ushuhuda.

Kwenye madai ya idadi, omba upewe namba zote nne: walioumia kila upande na jumla ya kila upande. Chukua mfano wa kubuni: "Walioumia kichwa kwenye ajali za bodaboda wengi walivaa helmeti, basi helmeti haisaidii." Tuseme waliopata ajali ni 1,000, waliovaa 900, wasiovaa 100. Walioumia kichwa ni 36 upande wa kwanza na 20 upande wa pili. Ni kweli 36 ni wengi kuliko 20, lakini ni asilimia 4 dhidi ya asilimia 20. Anayekupa 36 na 20 bila 900 na 100 amekuficha nusu ya habari.

Kosa la aina hii limewahi kuleta madhara makubwa. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji (autism). Watoto walikuwa 12, bila kundi la wasiochanjwa la kulinganisha, na dalili za usonji huanza kuonekana karibu na umri ule ule wa chanjo. Makala ilifutwa mwaka 2010. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2019 uliwafuatilia watoto 657,461, waliochanjwa na wasiochanjwa, na haukukuta ongezeko la hatari.

Hatua ya 5: Jibu kwa swali

Ukimwambia mtu mzima "hiyo ni hoja potofu", amesikia umemwita mjinga. Uliza:

- "Shikamoo mama. Samahani, ni wapi aliposema hivyo?"
- "Shangazi, hakuna kabisa njia nyingine?"
- "Kaka, hapo kati ya kodi na hela kuchukuliwa, kinachounganisha ni nini?"

Na usishangilie mapema. Hoja mbovu inaweza kutetea dai la kweli. Huenda sanduku kweli linafaa zaidi: tawi liko mbali, nauli ni kubwa, makato yanakula faida, watia saini hawapatikani siku moja. Kama wanaotetea sanduku hawajayasema haya, yaseme wewe kwa niaba yao. Kisha mweka hazina aulize tawini makato ya mwezi ni kiasi gani na watia saini wanatakiwa wangapi, majibu yaletwe kikaoni kabla ya kura.