Kutundika Maonyesho ya Mchoraji Chipukizi Katika Makumbusho Madogo ya Nairobi

Chumba cha makumbusho madogo mara nyingi hakikujengwa kwa ajili ya picha. Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, ilijengwa mwaka 1913 kuwa ofisi ya serikali ya kikoloni, na watu walikwenda pale kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Makumbusho ya Karen Blixen yalikuwa nyumba ya shamba la kahawa. Ndani ya majengo ya aina hii utakuta kuta nene, madirisha mengi, vyumba vinavyofungukiana, na pengine ukuta usioruhusiwa kuguswa hata kwa msumari. Mchoraji naye huja na picha arobaini, zote anazipenda sawa. Maonyesho mengi ya kwanza huharibikia hapo: picha ni nyingi, ukuta hautoshi, na mgeni anatoka bila kukumbuka hata moja. Kwa hiyo anza na chumba, ndipo uende kwenye picha.

Hesabu ya ukuta

Miezi minne au mitano kabla ya ufunguzi, omba ruhusa ukapime mwenyewe. Andika urefu wa kila ukuta, kimo hadi dari, upana wa milango na madirisha, na mahali palipo swichi, soketi na mtungi wa kuzimia moto. Mtungi huo hauhamishwi wala haufunikwi, hata kama umekaa pale ulipotaka picha kubwa. Chora kuta kwenye karatasi ya miraba kwa kipimo cha 1:20, yaani sentimita 5 kwa kila mita, kisha ukate vipande vya karatasi vya kipimo hicho hicho, kimoja kwa kila picha. Utavihamisha mezani badala ya kuhamisha picha zenyewe.

Chukua chumba cha mita 6 kwa 5. Mzunguko wake ni mita 22. Toa mlango wa mita 1 na madirisha mawili ya mita 1.2 kila moja, zinabaki 18.6. Toa sentimita 30 kila upande wa kona zote nne, kwa sababu wageni wawili wakitazama picha zilizokaribiana konani watagongana mabega. Zimebaki mita 16 na kidogo. Nusu ya ukuta iwe picha, nusu iwe wazi: una mita 8 za picha. Ikiwa wastani wa upana ni sentimita 60, chumba hicho kinabeba picha 13. Mchoraji atasema 20 zinaingia. Ni kweli zitaingia, lakini kila moja itamnyima jirani yake nafasi ya kupumua.

Wakati wa kuchagua, mwite mtu wa tatu ambaye hakuziona picha zikichorwa. Zipangeni zote sakafuni kwenye chumba kikubwa, kisha mwondoe zile zinazosema jambo lililokwisha kusemwa na nyingine vizuri zaidi. Picha yenye nguvu kuliko zote usiiweke kando ya mlango. Iweke kwenye ukuta ambao mgeni anauona anaposimama mlangoni, imvute ndani. Picha kubwa inahitaji mtu arudi nyuma: kazi ya mita 2 ukiitundika kwenye ujia wa mita 1.5, hakuna atakayeiona nzima.

Kagua picha kabla ya kuahidi

Laza kila picha juu ya meza iliyonyooka. Kona moja ikiinuka, fremu ya ndani imepinda. Kosa hili ni la kawaida sana kwa mbao za saipresi zilizonunuliwa mbichi: fundi anaunganisha leo, mbao inakauka ikiwa tayari imewambwa kanvasi, na inajisokota. Picha ya namna hiyo haitalala ukutani hata uitundike vipi. Dawa ni kung'oa kanvasi taratibu na kuiwamba upya kwenye fremu ya mbao kavu, na kama upande wowote unazidi mita 1, uongezwe upau wa katikati. Kanvasi iliyolegea tu hukazwa kwa kugonga kabari ndogo ndani ya pembe, mradi pembe hazikugongwa misumari wala kutiwa gundi. Zikiwa zimegandishwa, kuwamba upya ndiyo njia pekee. Usinyunyizie maji upande wenye rangi.

Angalia pia mikunjo ya pembeni, pale kanvasi inapogeuka kwenda nyuma ya fremu. Vijana wengi huchorea marikani iliyopakwa rangi nyeupe ya ukutani, kwa kuwa rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa kanvasi ni ghali. Rangi ya ukutani ikikauka ni ngumu, kitambaa kinapojikunja inapasuka. Ukiona nyufa mikunjoni, picha hiyo isiviringishwe kamwe. Isafirishwe ikiwa imewambwa.

Rangi za mafuta zina saa yake. Umba, yaani kahawia ya udongo, hukauka haraka, nyeusi na nyekundu kadhaa huchukua wiki nyingi, na baridi ya Julai hurefusha muda huo. Gusa kwa kidole pembeni, sehemu iliyopakwa nene. Ikinata, picha hiyo haifungwi kwa chochote. Vanishi ya kawaida husubiri miezi sita hadi mwaka; ukiipaka mapema kwa sababu ufunguzi umekaribia, uso unaweza kubaki na ulimbo na kukusanya vumbi. Kazi isiyo na vanishi si aibu, itundikeni hivyo hivyo.

Akriliki hukauka upesi lakini hulainika kwa joto. Iliyofungwa kwa plastiki ya mapovu moja kwa moja na kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, itatoka na alama za mapovu usoni, na alama hizo hazifutiki. Uso wa picha usiguswe na kitu: weka pembe nene za katoni kwenye kona zote nne, kisha ubao mwepesi wa katoni juu yake, ndipo plastiki ije nje kuzuia mvua. Ndani ya pikapu au Probox, picha zisimame kwa ukingo wake, uso ukitazamana na uso na mgongo na mgongo, kila mbili zikitenganishwa kwa katoni. Ukizilaza, kila tuta la barabarani litazigonga.

Makubaliano

Andikeni kabla picha haijatoka nyumbani. Kama mchoraji hajafika miaka 18, mzazi au mlezi atie sahihi. Karatasi iseme tarehe za kuleta na kuchukua, nani analipa usafiri, bima inaanzia wapi na kuishia wapi (idai ianze picha inapotoka ukutani kwa mchoraji hadi inaporudi), makumbusho yakiruhusu mauzo yatachukua asilimia ngapi, na picha za kamera zitatumika kwa tangazo gani. Kumuuzia mtu picha hakumpi haki ya kuichapisha kwenye kalenda au fulana. Hakimiliki inabaki kwa mchoraji mpaka aihamishe kwa maandishi. Vijana wengi hawaelezwi jambo hili, na linawagharimu miaka mingi baadaye.

Ambatisha fomu ya hali ya kila kazi: jina, mwaka, vifaa, kimo kwa upana, thamani, na picha nne za simu, yaani mbele, nyuma, na kona zenye dosari. Kimo kitangulie upana daima, la sivyo fundi wa fremu atakuletea fremu iliyolala.

Bei ifuate kanuni moja. Mkikubaliana shilingi 8 kwa kila sentimita ya mraba, picha ya 60 kwa 80 inakuwa 38,400, na zote zifuate hesabu hiyo. Picha mbili za ukubwa mmoja zenye bei zilizoachana mbali humfanya mnunuzi ashuku zote mbili. Orodha ya bei ikae mezani kwa mhudumu, isibandikwe ukutani.

Kutundika

Tenga siku mbili nzima na watu watatu. Siku ya kwanza ni ya kuegemeza picha sakafuni kila moja mahali pake, juu ya vipande vya sponji, na kuziacha mpaka kila mtu ameridhika. Msitoboe chochote siku hiyo.

Kitovu cha kila picha kiwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Kama mnatarajia shule nyingi, shukeni hadi 145. Kwa upana, jumlisha upana wa picha za ukuta mmoja, toa kwenye urefu wa ukuta, na ugawanye kwa idadi ya picha ukiongeza moja. Ukuta wa sentimita 600 wenye picha za 90, 60, 60 na 90 unabakiwa na 300; gawanya kwa 5, kila pengo ni 60.

Nyuma ya picha, funga pete mbili za chuma kwenye mbao za pembeni, theluthi moja kutoka juu, na uzifungie waya wa chuma uliosokotwa. Pima picha kwa mizani na ununue waya wenye uwezo wa kubeba angalau mara tatu ya uzito huo. Ili kujua skrubu ikae kimo gani kutoka sakafuni, vuta waya juu kwa kidole katikati, pima umbali kutoka kidoleni hadi ukingo wa juu wa picha. Tuseme ni 7. Picha ina kimo cha 80, nusu yake 40. Basi 150 ongeza 40 toa 7: skrubu inakaa sentimita 183. Picha inayozidi upana wa sentimita 70 ipewe skrubu mbili badala ya moja, kwani kwenye skrubu moja itapinda kila mlango unapofungwa kwa nguvu.

Ukuta wa mawe unataka drili ya nyundo, biti ya milimita 6 na plagi ya plastiki inayolingana. Toboa polepole mwanzoni. Plasta ya zamani humeguka kipande cha ukubwa wa kiganja ukiiharakisha, na biti ikizunguka bure bila kupata jiwe, umefika kwenye kiungo cha udongo au chokaa: sogeza tundu, usitie plagi kubwa zaidi. Shikilia bahasha wazi chini ya tundu ipokee vumbi. Pimamaji iwekwe juu ya picha, isiwekwe juu ya dirisha au kizingiti, kwa sababu nyumba za zamani zimekwisha kulala upande.

Kama jengo limetangazwa kuwa turathi, usitoboe bila idhini ya maandishi ya makumbusho. Tafuta reli ya mbao karibu na dari. Vyumba vingi vya zamani vinayo, nayo hubeba kulabu na waya bila tundu jipya. Usitumie uzi wa kuvulia samaki wa nailoni, maana hurefuka, na baada ya wiki picha zote zimeshuka kila moja kwa kiasi chake. Bila reli, tengenezeni mbao za kusimama: plaiwudi ya futi nane kwa nne, unene wa milimita 12, kwenye fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili. Ziungwe mbili mbili kwa pembe. Moja peke yake huanguka mtoto akiiegemea. Zipakwe rangi isiyong'aa wiki moja kabla, harufu iishe.

Mwanga

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na jua la mwinuko huo hufifisha rangi upesi. Tena tuko kusini kidogo tu ya ikweta: Juni jua huingia kwa madirisha ya kaskazini, Desemba kwa ya kusini. Usiamini chumba ulichokiona Machi. Dirisha linaloangalia magharibi lipewe pazia la marikani mwaka mzima.

Taa ziwe za LED za kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga) zenye kiwango cha uhalisi wa rangi cha 90 kwenda juu. Zielekezwe kwa pembe ya digrii 30 kutoka wima. Ukisimama mbele ya picha na kuona mng'ao wa taa, pembe imekosewa. Mafuta na akriliki zinavumilia lux 150 hadi 200, lux ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia picha. Rangi za maji, wino na chochote kilicho juu ya karatasi ni lux 50, chumba kikionekana na kigiza kidogo. Stima ikipotea jioni ya ufunguzi, muwe na taa za betri tayari. Mishumaa hapana.

Vibandiko na walinzi

Herufi za kibandiko ziwe za ukubwa wa pointi 18, na maelezo marefu ya ukutani pointi 36, yasizidi maneno 120. Kiswahili kiandikwe kwanza, na mtu anayekiandika vizuri; maelezo yaliyotafsiriwa usiku wa kuamkia ufunguzi yanajulikana mstari wa kwanza. Jaribu gundi kwenye kona isiyoonekana, kwani tepu kali hung'oa rangi ya chokaa.

Mchoraji awatembeze askari wa makumbusho chumba kizima kabla ya wageni. Wao ndio watakaoulizwa "hii ni nini?" kila siku kwa wiki sita, na mlinzi aliyeelezwa picha huilinda vizuri zaidi. Sakafuni weka mstari wa tepu sentimita 45 kutoka ukutani.

Ufunguzi wa Jumamosi saa tisa alasiri hushinda wa jioni ya siku ya kazi: msongamano ni mdogo, na makumbusho hayatalipia saa za ziada za walinzi. Epuka Machi hadi Mei, masika yanapochelewesha wageni na kulowesha picha zinazoshushwa garini. Shule zialikwe muhula ukiwa katikati.

Kazi iliyouzwa ipewe kidoa chekundu, mnunuzi alipe nusu, na aichukue maonyesho yakifungwa, si kabla. Siku ya kushusha, fomu za hali zirudi mkononi. Kila picha ikaguliwe mbele ya mchoraji na mhudumu wa makumbusho kabla haijafungwa. Alama isiyokuwamo kwenye fomu ipigwe picha na kuandikwa papo hapo, wote wawili watie sahihi, maana ikishaingia garini hakuna atakayeweza kusema ilipatikana wapi. Matundu yazibwe kwa plasta na kupakwa rangi ile ile ya ukuta, ambayo nusu lita yake iliwekwa akiba tangu mwanzo.